Vibanio vya Nguo

Foleni ya dukani ilikuwa imefika hadi kwenye rafu za sabuni, na fundi saa alikuwa amekumbatia pakiti sita za vibanio vya nguo, zote zilizokuwa zimebaki.

"Samahani kaka, una watoto wangapi?"

Akageuka. Dada mmoja, gauni lake la njano limepigwa pasi likanyooka hadi kwenye pindo, alikuwa anajizuia kucheka.

"Sina hata mmoja."

"Basi hizo nguo zote za nani? Dobi ni mimi, na sijapata hata kibanio kimoja!"

Akajikuta anajieleza mbele ya foleni nzima: anaunda vimeli vya mbao, na vibanio hushikilia mbao mpaka gundi ikauke. Akamgawia pakiti tatu. Naye dobi akampa namba ya simu, "ili nijue vibanio vyangu vinaendeleaje."

Ndivyo walivyoanza. Dobi akambandika jina la Nahodha, yeye ambaye hata kwenye mtumbwi hutapika. Na alipoona jinsi mbao zinavyomvunjikia kila akizikunja, akaja na pasi yake ya mvuke, akaipitisha taratibu hadi ubao ukalegea.

"Usiulazimishe, mpenzi. Ubembeleze kama unavyonibembeleza mimi."

Meli ikaanza kupendeza. Kila muunda vimeli anajua kwamba ukibandika ubao mmoja kulia, unaofuata uwe wa kushoto, ili gundi ivute sawasawa. Nahodha alijua. Lakini siku ya kuzaliwa ya dobi ilikaribia, na alitaka mpenzi wake afungue mlango akute angalau upande mmoja umekamilika, unang'aa. Akaufunika wa kulia wote kwa mkupuo. Gundi ilipokauka, meli nzima ikapinda. Akaisogeza ukutani ili kupinda kusionekane, asimwambie mtu, hata baada ya kujaza upande wa pili.

Ilipofika siku ya kufungua maonyesho kwenye maktaba, mwenyekiti wa chama cha waunda vimeli akaiinua, akafumba jicho moja, akaitazama kwa urefu wake.

"Imepinda hii. Kulikoni?"

Watu wakasogea. Nahodha akahisi masikio yanamuwaka.

"Mchumba wangu huyo," akasema, akilazimisha kicheko. "Alizidisha mvuke."

Wakacheka. Alipogeuka, dobi alikuwa amesimama nyuma yake na chupa mbili za maji. Akaziweka mezani polepole, akaondoka.

Wiki nzima Nahodha hakuwa na uso wa kumtazama mtu. Saa za wateja alizifungua akazifunga bila kuzitengeneza. Ile pasi iliyobaki kwake aliifunika kwa taulo, maana kila akiiona alijichukia. Mwishowe akapiga simu.

"Nisamehe, mpenzi. Mvuke haukuwa na tatizo. Kosa ni langu."

"Ulinisingizia mbele za watu, halafu unaniomba msamaha sikioni?"

Nahodha akaibana simu sikioni.

"Na unajua kilichoniuma zaidi? Hujawahi kuniita mchumba. Hata kuniuliza hujaniuliza. Mara ya kwanza unalitamka neno hilo, unalitamka ili unitupie lawama."

Simu ikakatika. Nahodha akaandika ujumbe mmoja tu: *Jumamosi, saa nne, maktaba.*

Jumamosi, siku ya kufunga maonyesho, akaiweka meli katikati ya meza, mahali ambapo hata asiyejua kitu angeona ilivyopinda. Mwenyekiti na wenzake wakasogea.

"Niliwaambia mchumba wangu ndiye aliyeiharibu," akaanza. "Nilisema uongo. Nilibandika upande mmoja wote kwanza, kwa kutaka sifa. Yeye ndiye aliyenifundisha kukunja ubao. Mimi nikamuaibisha."

"Wa nyuma hatujasikia!"

Sauti ile. Gauni la njano, mlangoni. Nahodha akarudia yote kwa sauti ya juu, neno kwa neno, machozi yanamlenga. Kisha akalowesha kitambaa kwa spiriti, akaanza kulainisha gundi na kubandua mbao moja baada ya nyingine, hadi mbavu za meli zikabaki wazi.

Dobi akasogea, akatoa mkobani pakiti tatu za vibanio.

"Haya, wewe kushoto, mimi kulia."

"Kabla hatujaanza," akasema Nahodha, "kuna swali nilipaswa kukuuliza zamani."

"Uliza kwa sauti. Watu ni walewale."

Akauliza. Mwenyekiti mwenyewe akavua miwani. Dobi akachukua ubao wa kwanza, akaupaka gundi, akaulaza kwenye mbavu, akaubana vibanio vitatu, akahakikisha umeshika.

"Haya, Nahodha," akasema. "Sasa niite mchumba wako."