Talaka ya Tatu

Mita ilirudi sifuri, kisha ikaanza kupanda tena.

Loyce alidhani macho yamemdanganya. Swichi kubwa ya mashine ya kusaga ilikuwa chini. Yeye mwenyewe ndiye aliyeishusha. Mota zilikuwa kimya, mkanda umetulia. Hata hivyo taa ndogo nyekundu kwenye mita ilipepesa haraka haraka, na namba zikapanda: tatu, tisa, kumi na nne.

Ilikuwa Mei 2014, saa nne asubuhi, Kibondo. Loyce alikuwa fundi wa mita aliyehamishiwa Kasulu kutoka Tabora, na hiyo ndiyo ziara yake ya kwanza upande huu. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila mwezi fundi alipita kwa wateja wakubwa, wenye mashine za kusaga na za kupasua mbao, akakata lakiri ya mita, akasoma kiwango cha juu kabisa cha umeme ambao mteja aliuvuta mwezi ule, akabonyeza kitufe cha kukirudisha sifuri, kisha akafunga lakiri mpya. Dakika kumi tu. Nickson, aliyemtangulia, aliifanya miaka mitano bila neno.

"Kaka Athuman, kuna mota nyingine huko nyuma?"

Athuman, mwenye mashine, mwanamume wa miaka kama arobaini, alikuwa amesimama mlangoni na kanzu nyeupe isiyo na chembe ya unga.

"Hakuna. Dada, nilimwomba bosi wako alete mwanaume."

"Mita haichagui mwanaume wala mwanamke."

"Haya, fanya upesi utoke."

Loyce alibonyeza tena. Harufu ya udi ikamjia, nzito, imechanganyika na pumba zilizoungua. Kisha kitu baridi kikamshika kifundo cha mkono, na sauti ya kike ikasema karibu na sikio lake, taratibu, kama mtu anayemwonya mgeni aliyeingia jikoni kwake bila hodi:

"Toa mkono wako."

Kwenye gari, Reverien, dereva wao, mwenyeji wa Kitahana, aliziona alama tano nyekundu mkononi mwake.

"Mana yanje! Mungu wangu! Fundi, nani amekushika?"

"Nimejigonga kwenye boksi la mita."

Reverien hakuwasha gari. Alishusha sauti. "Mke wa Athuman amekuona."

"Athuman si hana mke?"

"Wa kuonekana hana. Amechumbia mara mbili. Wa kwanza alikauka mkono kabla ya ndoa. Wa pili alitoroka usiku, hata viatu hakuchukua. Nickson mwanaume, ndiyo maana hakuguswa."

Loyce alicheka, lakini alicheka peke yake.

Mwezi uliofuata alimkuta Athuman ameoa. Bibi harusi aliitwa Adija, binti wa wafanyabiashara wa Kasulu, mrefu, mwenye hina mbichi mikononi na macho ya mtu asiyelala. Alimvuta Loyce nyuma ya magunia ya mahindi.

"Dada yangu, wewe ni mtu wa umeme. Niambie ukweli. Mashine inaweza kujiwasha?"

"Ikiwa waya una hitilafu, labda."

"Waya unajua jina langu?" Adija aliangalia nyuma yake. "Athuman akiniita Adija, inanguruma. Nikimpakulia wali, sahani inapasuka. Nikiamka asubuhi kichwa kinaniuma, nywele zimepungua. Jana nimezikuta. Zimesukwa vizuri kabisa, dada, mikia miwili, zimefungwa kwenye mkanda wa mashine."

"Umemwambia mumeo?"

"Anasema nisiyaseme hayo mbele yake. Nikamuuliza, mbele ya nani? Akageuka kuitazama mashine."

Ndipo umeme ulipokatika. Jenereta za mji, zilizosikika mchana kutwa kutoka ng'ambo ya soko, zilinyamaza. Redio za madukani zikakata. Loyce alishukuru moyoni, maana sasa angeweza kuishika mita bila hofu yoyote. Akakata lakiri, akafungua kifuniko, na pale pale ile taa nyekundu ikaanza kupepesa.

Mota ya kwanza ikaguna. Ya pili ikaitikia. Mji mzima haukuwa na umeme hata wa kuwasha balbu, lakini mkanda ulianza kuzunguka, polepole kwanza kama mtu anayejinyoosha, kisha kwa kasi, na harufu ya udi ikajaa chumba kizima hadi koo likawasha, na unga uliokuwa sakafuni ukainuka ukasimama wima kama mtu aliyejitanda shela, mwembamba, asiye na uso, ukageuka kumtazama Adija, na kabla Loyce hajapata sauti ya kupiga kelele mtandio wa Adija ukachomoka begani ukaingia kwenye mkanda, ukamvuta shingo, naye akaburutwa kuelekea kwenye magurudumu huku kucha zake zikikwaruza saruji.

Loyce alimrukia. Alipeleka koleo lake kwenye kitambaa, akakata, likateleza, akakata tena. Kitambaa kikachanika. Wote wawili wakaanguka chali.

Athuman aliingia mbio. Alipiga magoti, lakini hakumpigia Adija. Aliielekea mashine, mikono ameinyoosha.

"Mke wangu," alisema huku analia. "Mke wangu, nisamehe. Mwache."

Mashine ikazimika. Adija, shingo imechubuka, alimtazama mumewe.

"Umemwita nani mke wako?"

Jioni hiyo, baada ya sala ya alasiri, Reverien alimleta Shehe Abdulrahmani, mzee mwenye duka la vitambaa sokoni, ambaye watu walimwendea kusomewa. Mzee hakuanza na kisomo. Alivua viatu, akakaa kwenye gunia, akamuuliza Athuman:

"Mlioana lini?"

Athuman alificha uso. "Mwaka wa tano sasa. Mashine ilikuwa inakufa, wateja wote wamehama. Nikaenda kwa mtu mmoja kule ziwani, akanifungisha ndoa. Akaniambia huyu hataki damu wala mbuzi. Anataka awe peke yake, basi."

"Nawe ukakubali, kisha ukaoa."

"Nilitaka mke ninayemwona, Shehe."

"Basi huyu hafukuzwi kwa ubani. Ni mke. Ataachwa kama mke anavyoachwa, mbele ya mashahidi, kwa kinywa chako. Wewe fundi, simama kwenye mita yako. Utasema inachoonyesha; ikifika sifuri, ameondoka."

Swichi ilikuwa chini. Mita ilisoma arobaini na mbili.

"Nimekuacha talaka moja," alisema Athuman.

Bati likatetemeka. "Kumi na tisa," Loyce alinong'ona.

"Nimekuacha talaka mbili."

"Nne."

Shehe alikuwa anasoma bila kukoma. Adija alisimama karibu na mlango, mkono shingoni. Lilibaki neno moja tu. Hapo ndipo kilio kilipoanza. Hakikuwa cha kutisha. Kilikuwa kilio cha chini cha mwanamke anayefungasha nguo zake katika nyumba aliyoizoea, anayejizuia majirani wasisikie, na kila mtu mle ndani alikisikia, na kila mtu alimwona Athuman anavyogeuka taratibu kukielekea, uso umelegea, macho yamejaa huruma ambayo Adija hakuwahi kuonyeshwa tangu aingie nyumba ile.

"Sema," alisema Adija.

Athuman alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Athuman, sema. Mimi niko hapa. Nitazame mimi."

Hakumtazama.

"Tano," alisema Loyce. "Saba. Shehe, inapanda. Kumi na moja."

Adija aligeuka. Aliingia ndani, akatoka na begi lake, akapanda gari la kazini bila kuuliza. Walipofika Nyakitonto, njiani kuelekea Kasulu, alimgeukia Loyce.

"Ningejua kushindana na mwanamke," alisema. "Hata kama ni mzuri kuliko mimi. Lakini yule amenishinda kwa machozi, na mimi ndiye niliyenyongwa."

Loyce alimshika mkono, na wakaenda hivyo hadi Kasulu.

Mwezi wa Julai alipanda tena Kibondo, safari hii na fundi mwenzake, Brighton, ambaye ndiye aliyeingia kwenye mashine. Mita ilirudi sifuri na kubaki sifuri, mpole kama mwanakondoo. Loyce alibaki barabarani. Athuman alimwona akamfuata. Amekonda, kanzu inampwaya, lakini amenyolewa vizuri na kupakwa manukato, na vifungo vyake vyote vimefungwa hadi shingoni kama vya mtoto anayepelekwa shule.

"Dada," alinong'ona, mgongo ameupa mlango. "Mwambie Adija nimelitamka. La tatu. Nimelitamka mara mia, mchana na usiku."

"Sasa?"

"Anacheka. Anasema siku ile ndiyo niliyoulizwa, na siku ile nilishajibu."

Kutoka ndani, mahali ambapo Brighton aliapa baadaye kwamba hakukuwa na mtu mwingine, sauti ya kike iliita, laini, yenye furaha:

"Mume wangu, unaongea na nani?"

"Siongei na mtu," Athuman alijibu upesi, na akarudi ndani.