Sindano Haijui Jogoo

Wasomaji watukufu, simameni wima na mvue kofia. Leo mimi, mwanafunzi wa shule ya bweni na mtaalamu wa viumbe vyote vyenye mabawa, nawaletea elimu kubwa: namna ya kumtambua jogoo na tetea wangali wadogo.

Haya, kaeni. Dada yangu amechungulia hapa na kusema, "Futa hilo neno mtaalamu. Wewe ulisema mama ni jogoo."

Ni kweli, nilisema. Ngoja nieleze.

Nyumba yetu ina ghorofa moja. Sisi tunakaa chini. Mama ni fundi cherehani, na sebule ndiyo karakana yake. Cherehani iko dirishani, vitambaa viko juu ya viti, na pini ziko kila mahali. Mgeni akikaa bila kutazama, huruka bila mabawa. Baba ni dereva wa lori. Yeye huja, hulala, huondoka.

Juu anakaa mwenye nyumba. Tunamwita Mama Mikate, kwa sababu anaoka mikate ya kuuza. Anaoka usiku kucha. Watu wakiamka, yeye ndiyo kwanza analala.

Dada yangu mdogo tunamwita Chiriku. Hanyamazi. Akila anaongea, akilala anaongea.

Siku moja nilikuwa likizo ndefu, nikisubiri matokeo ya mtihani. Baba alirudi na boksi lenye matundu. Ndani mlikuwa na vifaranga tisa. Manyoya ya mabawa yalikuwa yameanza kuota, yenye michirizi myeusi na myeupe.

"Hawa ni wa aina safi," Baba alisema. "Hawajachanganywa na kuku wengine. Chiriku, ni wako. Watunze, utakula mayai mpaka ukimbie."

Chiriku alinyamaza. Nyumba nzima ilishtuka. Mama alimshika paji la uso kuona kama ana homa.

Jioni Mama Mikate alishuka, unga mpaka kwenye viwiko. Alitazama lile boksi.

"Tetea nawakubali," alisema. "Mayai nayahitaji. Lakini jogoo, hapana. Siku nikisikia jogoo anawika uani kwangu, kundi zima litatoka."

"Hata tetea, Mama Mikate?" Chiriku aliuliza.

"Hata tetea. Sina muda wa kuhoji kuku mmoja mmoja."

Mama alipata wazo. Dada yake, yaani mama yetu mkubwa, ana shamba na anataka majogoo. Tungempelekea majogoo wote kabla hawajaanza kuwika. Tetea wangebaki kwa Chiriku. Wazo lilikuwa zuri. Lilikuwa na tatizo moja tu.

"Majogoo ni wepi?" Chiriku aliuliza, akiinama juu ya boksi. "Wote wanafanana!"

Wiki kadhaa zilipita. Vifaranga walikua, wakahamia kwenye banda la mbao uani. Chiriku alikuwa anawatazama kila asubuhi kwa hofu. Kila mmoja akifungua mdomo, yeye anashika kifua.

"Kaka, wewe umesoma," aliniambia siku moja. "Nisaidie."

Wasomaji, mtu akiambiwa hivyo mbele ya mama yake, atasema hajui? Nilikohoa kidogo. Nilichukua sindano ya Mama, nikatia uzi mrefu.

"Tazama," nilisema. "Naining'iniza sindano juu ya kifaranga. Ikizunguka, ni tetea. Ikienda mbele na nyuma, ni jogoo. Hii ni sayansi."

Njia hiyo nilifundishwa bwenini na mvulana aliyeshindwa hesabu. Hilo sikulisema.

Sindano ilizunguka. Sindano ilikwenda mbele na nyuma. Nilihukumu vifaranga wote tisa, nikakunja uso kama hakimu. Wanne majogoo, watano tetea. Chiriku aliwaweka majogoo wangu ndani ya kikapu, tayari kwa safari ya shambani.

Bahati nzuri, jirani yetu alikuja kupimwa gauni. Yeye ni daktari wa mifugo. Ana mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alisimama katikati ya sebule, mkono mmoja wa gauni umejaa pini, akaona kikapu.

"Safari ya wapi?"

Chiriku alimweleza yote, pamoja na sindano. Daktari hakucheka. Nilianza kuogopa.

"Vizuri," alisema. "Tuijaribu. Mfungeni macho huyu hakimu."

Mama alinifunga macho kwa kipande cha kitambaa. Chiriku aliweka kifaranga chini ya mkono wangu. Niliuliza sindano inafanyaje, wakaniambia.

"Tetea," nilisema.

"Mwingine," alisema Daktari.

"Jogoo."

"Mwingine tena."

Wakaniambia sindano inakwenda mbele na nyuma kwa nguvu. "Jogoo! Tena jogoo mkali."

"Mkali kweli," ilisema sauti ya Mama, kutoka chini ya sindano.

Nilivua kitambaa. Mama alikuwa ameinamisha kichwa chake pale. Chiriku alikuwa amekaa sakafuni, anacheka hadi machozi.

"Na wale wawili wa kwanza walikuwa kifaranga mmoja!" alisema.

"Kesho nitawika," alisema Mama. "Wewe utapika."

Daktari ndipo akacheka, na pini mbili zikaanguka.

"Mwanangu, hukudanganya kwa kusudi," aliniambia. "Mkono hutikisika kidogo bila wewe kujua. Moyo ukitegemea jogoo, mkono unamleta jogoo. Sindano haijui chochote."

"Na nikimshika kifaranga miguu, kichwa chini?" Chiriku aliuliza. "Mtu wa dukani alisema jogoo hutulia."

"Utamtesa bure."

"Na kumtazama nyuma?"

"Wapo watu waliofundishwa kazi hiyo. Huifanya kifaranga akiwa ametoka tu kwenye yai. Asiyefundishwa asijaribu. Akibana vibaya, atamuumiza ndani."

Nilitaka kuokoa jina langu. "Lakini Daktari, nimesikia urefu wa manyoya ya bawa huonyesha."

"Hapo umesikia nusu," alisema. "Wafugaji wengine huchagua baba wa aina moja na mama wa aina nyingine kwa makusudi. Watoto wao hutofautiana kwa manyoya ya bawa, au hata kwa rangi, tangu siku ya kwanza. Lakini hawa ni wa aina safi. Kwao usitegemee bawa."

"Kwa hiyo hatuwezi kujua?" Sauti ya Chiriku ilikuwa ndogo.

"Tunaweza. Kwa macho, na kwa subira. Wa michirizi kama hawa, siku ya kwanza huwa na doa jeupe kichwani. La jogoo mara nyingi ni kubwa, limetawanyika. La tetea ni dogo. Sasa manyoya yamelifunika. Basi tutazame kilichopo. Leta wawili."

Chiriku aliwashika, mmoja kila mkono.

"Usiniambie yupi jogoo," alisema Daktari. "Niambie unaona tofauti gani."

Chiriku alitazama. Alitazama muda mrefu, kimya, mara ya pili katika maisha yake.

"Huyu ana rangi nyepesi," alisema. "Kama nguo iliyofuliwa sana. Yule ni mweusi zaidi."

"Ehee. Kichwani?"

"Huyu mwepesi, upanga wake ni mkubwa. Umeanza kuwa mwekundu. Wa yule ni mdogo, wa njano."

Upanga ni kile kinyama kilichosimama juu ya kichwa cha kuku, wasomaji. Msiogope, haukati.

"Na miguu?"

"Ya mwepesi ni minene! Ya yule ni myembamba, na mbele ina weusiweusi." Chiriku aliinua macho. "Daktari, mwepesi ni jogoo!"

"Inaelekea hivyo. Umeona dalili tatu, na zote zinasema neno moja. Dalili moja hudanganya. Na ulinganishe kuku wa umri mmoja na wa aina moja. Kuku wa aina nyingine, tetea wao pia wana upanga mkubwa. Ukiwachanganya, utapotea."

Waliwatazama wote tisa. Katika majogoo wangu wanne, wawili walikuwa na dalili zote za tetea. Nusura tuwapeleke shambani! Chiriku alinitazama kwa jicho ambalo sitalieleza.

Mama alikata vipande vyembamba vya kitambaa kinachovutika, vya kuwafunga miguuni. Chiriku alitaka uzi, lakini Daktari alikataa.

"Uzi hapana. Mguu ukinenepa, uzi unakata nyama. Hata hivi vya kitambaa, vilegezeni kila wiki."

Chekundu kilikuwa cha jogoo, cha bluu cha tetea. Akabaki mmoja. Huyu alikuwa anapigana na kila mtu, hata na kiatu changu. Nilimpa jina la Bondia.

"Bondia ni jogoo," nilisema. "Tazameni anavyotembea!"

"Rangi yake ni nyeusi," alisema Chiriku. "Lakini upanga una wekundu kidogo. Daktari, huyu je?"

"Huyu sijui bado," alisema Daktari bila aibu yoyote. "Mfungeni cheupe. Tetea naye anaweza kuwa mgomvi. Tusubiri manyoya."

Tukasubiri. Majogoo wenye kitambaa chekundu walikuwa watatu. Upanga wao ulikua, ukawa mwekundu kama pilipili. Ndevu zao, vile vinyama vya chini ya mdomo, zilianza kuning'inia. Daktari aliwathibitisha, na Baba akawapakia kwenye lori kwenda kwa mama mkubwa, wakiwa bado hawajawika hata mara moja.

Bondia alibaki, na hofu ikabaki naye. Chiriku alimkagua kila siku. Daktari alikuwa amemwonyesha mahali pa kutazama: shingoni, na mgongoni karibu na mkia. Jogoo huota pale manyoya marefu, yenye ncha kali, yanayong'aa. Ya tetea huwa na ncha ya mviringo, kama ukucha wa kidole gumba.

Hatimaye yaliota. Chiriku alikuja mbio sebuleni na Bondia kwapani.

"Ya mviringo! Yote ya mviringo! Bondia ni mwanamke!"

"Hongera zake," alisema Mama, pini mdomoni.

Tetea sita. Hakuna jogoo. Hadithi ingeishia hapo, kama ingekuwa na watu wema tu ndani yake.

Asubuhi moja, Mama Mikate akiwa amelala, sauti ilisikika uani. Kokorikooo! Dirisha la juu likafunguka kwa kishindo. Ngazi zikalia. Mama Mikate alitokea uani na kilemba cha kulalia.

"Nilisema nini mimi? Nilisema nini?"

Mama alitoka na futi yake shingoni. "Mama Mikate, tusamehe. Tulidhani tumewatoa wote."

"Boksi liko wapi? Leo wanaondoka."

Nilidhani Chiriku atalia. Hakulia. Alifungua banda na kumtoa kuku wa kwanza.

"Mama Mikate, tafadhali tazama kwanza. Manyoya ya mgongoni. Yana ncha?"

"Sina muda wa..." Mama Mikate alisita. Alinyoosha kidole chenye unga, akagusa. "Ni ya mviringo."

"Ingekuwa jogoo, kwa umri huu yangekuwa na ncha. Tazama na huyu. Upanga mdogo. Miguu myembamba." Akamtoa wa tatu, wa nne, wa tano. Mama Mikate alianza kuinama mwenyewe, akipapasa migongo, akilinganisha. Hasira ilimpungua, udadisi ukampanda. Alimtazama Bondia mara mbili.

"Hata huyu mgomvi?"

"Hata huyu. Hapa hakuna jogoo, Mama Mikate. Mimi nina hakika." Chiriku alimwinua Bondia aonekane vizuri. "Ukitaka, mwite Daktari."

"Sihitaji Daktari, nina macho." Mama Mikate alijinyoosha. "Lakini nimesikia kwa masikio yangu. Aliwika vizuri, halafu mwishoni akakohoa."

"Akakohoa?" alisema Chiriku.

"Kama aliyepaliwa."

Kisha Chiriku akageuka polepole kuelekea mlango wa bafu la uani. Nilikuwa nimesimama pale na mswaki, povu la dawa ya meno limenichuruzika hadi kidevuni.

"Mama Mikate," alisema Chiriku, "tazama na huyu. Miguu minene."

Nilitafuta uongo. Nina akiba kubwa ya uongo kwa kawaida. Lakini nilimwona Chiriku amemkumbatia Bondia kwa nguvu, kwa mikono miwili.

"Ni mimi," nilisema. "Kuku hawana kosa. Nilikuwa nimechoka kusikia kila mtu anamsifu Chiriku, nikataka kuona kama kweli anajua. Anajua. Nisamehe, Chiriku. Nisamehe, Mama Mikate. Hapa jogoo ni mmoja tu, na ni mimi."