Anayeirudisha Saa Nyuma

Kach.

Binti aliusikia mlio huo akiwa jikoni, sufuria ya maji ya kumwogeshea baba yake mkononi. Giza lilikuwa ndiyo kwanza limeingia, lile giza changa ambalo watu bado hawajaamua kuwasha taa. Aliujua mlio huo. Kazi ya mikono yake mwenyewe. Ilikuwa droo ya dawa ikifunguka.

Na haikupaswa kufunguka mpaka saa saba usiku.

Aliitua sufuria, akaenda chumbani kwa mzee. Hakukimbia. Miguu ilikuwa mizito kama ya kuazima. Mchana kutwa alikuwa ameandika programu za watu ofisini. Jioni alikuwa na baba wa kumgeuza, wa kumsafisha, wa kumlisha. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mzee upande wote wa kushoto. Ulibaki mkono wa kulia, na ukaidi. Dawa ya moyo alikataa kupewa na mtu. "Mimi si kifaranga," alisema. Ndipo binti akamtengenezea droo yenye mota ndogo, akaiunganisha na kompyuta kuukuu kando ya kitanda. Programu iliisoma saa ya kompyuta kila dakika. Ikikuta ni saa saba, ya mchana au ya usiku, droo inafunguka na kidonge kimoja ndani. Mzee aliitii droo kuliko alivyowahi kumtii binadamu.

Daktari alisema jambo moja tu, na alilisema mara mbili: vidonge viwili visikaribiane. Moyo utasimama.

Cha mchana alikuwa ameshameza. Sasa binti alimkuta ameegemea mito, kingine kimo kiganjani.

"Baba, bado. Lete hapa."

"Saa imefika."

"Haijafika. Ndiyo kwanza saa moja jioni."

"Kompyuta yako inasema imefika. Au nayo imepooza kama mimi?"

Binti alitaka kucheka, uchovu ukamzuia. Akanyoosha mkono. Mzee akafumba ngumi.

"Iambie iseme bado," alisema. "Ikisema bado, nakirudisha."

Akaketi mbele ya skrini. 01:04. Wiki nzima ilikuwa hivyohivyo, na kila jioni aliiwahi droo kabla ya mzee. Alikuwa amebadilisha betri ya saa, lakini betri ikifa, saa huruka miaka mingi nyuma. Hapa tarehe ilikuwa sawa. Dakika zilikuwa sawa. Ni saa peke yake iliyorudi nyuma, kana kwamba mtu ameishika kwa vidole viwili akaisogeza.

Akaandika amri ya kuirekebisha. 19:04. Namba zikatulia.

Akashusha pumzi.

01:04.

Hakuna aliyegusa kibodi. Alichomoa waya wa mtandao, akaandika tena. 19:05... Akakodoa macho. Hakupepesa.

01:05.

Kisha ikaja harufu. Ya risasi ya kulehemu, ikiungua. Chumba kile hakikuwa na chombo cha kulehemu. Hakikuwa nacho tangu kaka yake alipoondoka.

Hapo akaelewa. Kompyuta huanza kuhesabu katikati ya usiku; saa moja jioni, yenyewe inataka iandikiwe kumi na tisa, na moja kwake ni saa saba usiku. Anayeiandikia moja ni mtu anayehesabu kama watu wanavyohesabu nyumbani. Kaka yake alikuwa na kosa hilo, na hakukubali hata siku moja kwamba ni kosa. Ndiye aliyemfundisha kuandika programu, kwenye kompyuta hiihii, na kila alipoweka saa aliiweka hivyo. "Saa moja ni moja, Dogo. Sisi tulikuwepo kabla yake. Mashine ndiyo ijifunze kwetu."

Alifukuzwa jioni, wakati kama huu, kwa ugomvi ambao hakuna aliyekumbuka ulianzaje. Akafia ugenini. Baba hakwenda kuzika. Alisema tu kwamba jina lile lisitajwe tena chini ya bati lake, na halikutajwa. Hata mama, akiwa anakata roho, alilimeza.

"Baba," binti alinong'ona. "Nani anakwambia saa imefika?"

Mzee akakitazama kiti alichokalia binti.

"Baba."

"Huja jioni," mzee alisema. "Hukaa hapo ulipokaa."

Binti hakuthubutu kuinuka. Hakuthubutu kuendelea kukaa.

"Anasemaje?"

"Anasema nimechoka." Mzee akatabasamu kwa upande mmoja wa uso. "Si uongo. Na wewe umechoka, mama. Anasema nimeze, tupumzike wote."

Ngumi ikaanza kupanda. Polepole, kuelekea mdomoni.

Binti alirukia ule mkono, akaukamata kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa mkono wa mgonjwa, ngozi na mfupa. Lakini uliendelea kupanda. Nguvu zake hazikuwa za mtu mmoja.

"Mtaje," binti alisema. "Mwite jina lake, umwambie aende zake. Mimi hatanisikia. Wewe ndiye uliyemfukuza."

"Nikimtaja..."

"Mtaje, baba. Nakuomba."

Ngumi ikagusa midomo. Ikatulia hapo. Harufu ya risasi ilikuwa nzito sasa, ikiwaka kooni. Machozi yalimtoka mzee kwenye jicho moja tu, lile lililobaki hai, na vidole vikalegea, kimoja kimoja. Kidonge kikaanguka sakafuni, kikabingirika gizani.

Ndipo alipolitamka jina. Lote, bila kukwama, kwa ule mdomo uliopinda ambao siku hizi haukuweza kumaliza sentensi ndefu. Binti alilisikia, lakini baba yake hakulitamka kama mtu anayefukuza. Alilitamka kwa upole, kwa kulivuta mwishoni, kama wazazi wanavyowaita watoto magharibi, wamesimama mlangoni, waache kucheza, waingie ndani.