Simu ya Mzee Bonifasi

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mzee Bonifasi alirudi kutoka bafuni, akapapasa kitanda mpaka chini ya mto, kisha akasimama mlangoni na taulo begani.

"Jamani! Simu yangu!"

Chumba chake kilikuwa namba nne, kwenye gesti ya bei rahisi jirani na uwanja wa ndege wa Singida. Bafu la kuchangia liko nyuma ya ua. Mlango hakuufunga. Kwao Rungwa nani anafunga mlango kisa anaenda kuoga?

Luciana wa namba mbili alitoka haraka. Alikuwa amekuja mjini kutoka Iramba kupumzika siku mbili, peke yake, na tangu Ijumaa hakuna aliyemwambia neno zaidi ya "funguo yako hii". Miaka ishirini na sita alikuwa karani wa mahakama, kazi yake kuandika wanayosema wengine.

Alikuta meneja Gerald ameshamkamata mkono Eliana, binti wa usafi.

"Ni huyu! Nani mwingine anaingia vyumbani? Naita polisi."

"Bosi, mimi nilikuwa namchemshia mzee maji," Eliana alilia.

"Muachie kwanza," alisema Luciana. "Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Kingine kilichoibiwa?"

"Hakuna. Hata redio ipo."

Luciana aliitazama. Redio mpya, bado ina nailoni yake.

"Na simu ilikuwaje?"

"Kitochi. Nimekifunga mpira, betri isidondoke."

"Mwizi anaacha redio mpya anabeba kitochi," Luciana alimwambia Gerald. "Kuna kitu alikitaka humo ndani."

Mzee aliketi kitandani. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe.

"Humo kuna namba ya Elisha, mwanangu. Miaka tisa hatujaonana. Ni fundi wa ndege Dar, leo saa nne anashuka hapo. Ndiyo maana nikachukua chumba huku, nimsikie anatua. Akipiga asinipate atajua sikuja, atageuza. Namba yake sina kichwani, mama. Kila Jumapili yeye ndiye anapiga."

"Mara ya mwisho umeisikia lini hiyo simu?"

"Saa kumi na mbili. Ililia, betri inaisha."

Basi Ignas, dereva wa lori wa namba moja, hakuwa yeye. Geti alifunguliwa saa kumi na moja, akaondoka.

"Na Eliana?"

"Huyo alikuwa ananiletea maji mlango wa bafu. Mara mbili. Tulikuwa tunaongea."

Gerald aliuachia ule mkono, ila hakusema pole.

"Jana jioni kuna ujumbe uliingia," mzee aliendelea. "Mimi kusoma siwezi tena. Asubuhi nikamwambia binti, hapo koridoni, nikioga nakuja unisomee. Tena kwa sauti, najisifia mwanangu wa ndege!" Akacheka kidogo, akapangusa maji shingoni kwa taulo.

Mlango wa namba tano ukafunguliwa. Alitoka kijana mwenye ndevu nyingi, aliyefika jana usiku kwa basi, akalala hata kabla ya kusaini kitabu cha wageni. Alipita mbele ya mzee, akainamisha kichwa, akaenda zake uani. Luciana alimfuata.

"Shikamoo, mama," kijana alisema kwa sauti ya chini, kwa adabu zote.

"Marahaba. Umelala?"

"Nimelala. Kelele ndiyo imeniamsha."

Luciana alimtazama. Mimi kanipa shikamoo, aliwaza. Mzee wa miaka sabini na kitu, asiyeona, kamuinamishia kichwa tu.

Saa moja kasoro robo aliwaita wote uani, akamkalisha mzee kwenye kiti.

"Kabla ya polisi, kila mtu amsalimie mzee. Mmoja mmoja."

"Mama, hii ni kesi au ibada?" Gerald alinung'unika, lakini akasalimia. Eliana akapiga goti.

"Na wewe, namba tano."

Kijana alitazama geti.

"Au nimwambie mimi kwa nini huwezi? Huogopi salamu. Unaogopa ataitambua sauti anayoisikia kila Jumapili."

Kule uwanjani mbuzi walikuwa wanakula nyasi za kando ya njia ya ndege.

"Shikamoo, baba."

Mzee alisimama hadi kiti kikaanguka. "Elisha? Ndege imeshatua?"

"Hakuna ndege, baba." Kijana alitoa kitochi mfukoni. "Sijawahi kuwa fundi. Nabeba magunia sokoni. Jana nikiwa kwenye basi nilikuandikia ukweli wote. Sikujua umelala hapa. Asubuhi nikakusikia koridoni unavyojisifu. Nikaona binti atasoma, watu watakucheka. Nikachukua nifute, nirudishe. Ukawahi kutoka."

"Umefuta?"

"Nimefuta."

Mzee alinyoosha mkono mpaka ukagusa zile ndevu. Aliuacha hapo muda mrefu.

"Huyu binti alikuwa anakwenda polisi, na wewe uko chumbani unasikia. Muombe msamaha kwanza."

Elisha alimgeukia Eliana, akapiga goti kwenye vumbi. Eliana alifuta macho. "Inuka, kaka. Ila umenitisha."

"Sasa kaa," alisema mzee. "Ule ujumbe niambie kwa mdomo. Wote. Usiruke kitu."

Elisha akaanza. Eliana akaenda kuleta chai, Gerald akaokota kiti. Luciana alitaka kubaki asikilize, lakini hayo hayakuwa ya karani. Akachukua mkoba wake, akatoka getini taratibu. Ilikuwa saa moja tu asubuhi, na Jumamosi yote bado ilikuwa mbele yake.