Nguruzi ya Bora Afya

Kila Ijumaa nikitoka shule nilikuwa na kazi moja isiyo na mjadala: kuosha mashua ya mama. Mashua yenyewe inaitwa Bora Afya, na kwetu Mishomoroni hakuna asiyeijua. Mama yangu, Gladys, huenda nayo kwenye mikoko kutega kaa, na hao kaa ndio wanaotulisha na kunilipia shule.

Maji yakipwa, mashua hukaa juu ya tope. Hapo mimi huingia, huchomoa nguruzi, yaani kile kizibo cha mti kinachoziba tundu la chini, kisha humwaga ndoo kadhaa za maji ili uchafu wote utokee tunduni. Nikimaliza hurudisha nguruzi na kuigonga kwa jiwe mara tatu. Ni kazi ya nusu saa, ukiwa na akili.

Ijumaa ile akili sikuwa nayo. Rafiki yangu Cindy alisimama ukingoni akipiga makofi. "Wee Dorcas! Mazoezi ya kwaya yameanza, na leo anachaguliwa wa kuimba mbele!"

Nguruzi nikaitumbukiza mfukoni mwa sketi ili nipate mikono miwili ya kurukia nje. Nikakimbia na tope langu miguuni. Basi nilichaguliwa kweli, na usiku nikalala huku nikiimba.

Asubuhi tuliamshwa na jirani yetu, Mama Pascalia. "Gladys! Toka uone! Mashua yako imezama!"

Tukateremka mbio. Maji yalikuwa yamejaa, na Bora Afya ilikuwa imebakiza ncha ya mbele tu juu ya maji. Mama alishika kiuno, akatazama.

Maji yalipopwa, nusu ya mtaa ilishuka kusaidia. Wengine walifua maji kwa ndoo, wengine walivuta kamba. "Harambee!" "Heee!" Mjomba Changawa, kaka yake mama, alijitia kuwa kiongozi wa wavutaji. Aliteleza, akazama kwenye tope, akainuka meno tu ndiyo meupe. Watu walicheka hadi wakaachia kamba! Lakini mashua ilitoka.

Kicheko kilikatika Fundi Mansur alipoanza kuikagua. Huyu mzee ndiye mtengenezaji wa mashua zetu zote.

"Ubao huu wa ubavuni umepasuliwa na kisiki cha mkoko," alisema. "Huo si neno, hubadilishwa. Lakini nguruzi haipo. Dorcas!"

"Abee, fundi."

"Jana uliirudisha?"

Watu wote wakanigeukia.

"Niliirudisha," nikasema. "Nikaigonga mara tatu."

Lo! Uongo ulitoka mwepesi, hata mimi mwenyewe nikashangaa.

Fundi Mansur alitikisa kichwa. "Angekuwa mtoto mwingine ningemtilia shaka. Mtoto wa Gladys namsadiki. Lakini nguruzi iliyogongwa haitoki wallahi, ila kama mbao imeoza kwa ndani. Na mbao ya chini ikioza si ya kutiwa kiraka. Gladys, siwezi kukuambia urudi nayo majini, ukazama nayo. Iuze."

"Uza, dada," mjomba akaongeza huku akijifuta tope. "Hoteli za Nyali hununua mashua kuukuu za kupambia."

Mama alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Basi nitarudi kufua nguo za watu," alisema kwa sauti ya chini.

Miaka ile naikumbuka. Mama alikuwa akirudi jioni vidole vimechubuka, hana hata nguvu ya kuniuliza habari za shule. Kicheko chake kilikuja na Bora Afya. Nilikimbia nyumbani, nikatia mkono mfukoni mwa sketi iliyotundikwa nyuma ya mlango. Nguruzi ilikuwa mumo humo. Nikaona haya, nikaogopa, nikaificha.

Jumapili niliimba mbele ya kanisa zima, na wimbo wenyewe ulikuwa wa kusifu kweli! Nilisahau ubeti wa pili, Cindy akanikoholea kunistua. Nguruzi nilikuwa nayo kwenye pochi yangu ndogo.

Tulipotoka tulimkuta Bwana Ronny wa hoteli moja ya Nyali, aliyeitwa na mjomba, akitungoja ufukweni. Alikuwa na mtu wa msumeno.

"Ikiwa nzima haitapita kwenye kichochoro," alieleza kwa adabu. "Tutaikata katikati. Nusu tutaisimamisha mlangoni, na nusu tutapangia matunda."

"Mashua iwe sinia!" Mjomba alinong'ona, lakini hakuna aliyecheka.

Mama aliipapasa ubavuni mara moja, akarudi nyuma. Mtu wa msumeno akaweka meno ya msumeno juu ya ubao.

"Ngojeni!" Nilipiga ukelele mpaka kunguru wakaruka. "Haijaoza! Nguruzi hii hapa. Sikuirudisha, mama. Nilikimbilia kwaya, halafu nikasema uongo."

Mama aliitazama nguruzi kiganjani mwangu, kisha akanitazama mimi.

"Dorcas," alisema, "uliniacha niuze mkono wangu."

Nililia, wala sikutafuta kisingizio. Fundi Mansur alipiga magoti, akausafisha mdomo wa tundu, akadunga msumari ndani yake huku na huku. Msumari haukuingia hata kidogo.

"Ngumu kama jiwe!" akasema, akaanza kucheka. "Na mimi nina kosa langu. Jana niliamini neno, nisiipime mbao. Gladys, tubadilishe ubao mmoja, tutie kalafati. Ndani ya wiki utakuwa majini, inshallah."

Mama alipiga kigelegele kilichofika mpaka barabarani. Bwana Ronny alikuna kichwa. "Basi mashua nimekosa. Kaa wa kupikia hotelini je, watapatikana?"

"Watapatikana, baba!" mama akamjibu. "Na hawahitaji msumeno!"

Adhabu nilipata. Wiki nzima, kila nikitoka shule, nilisokota pamba ya kalafati na kuichovya kwenye mafuta ya papa, huku fundi akiishindilia kati ya mbao. Harufu yake, jamani! Cindy alinisaidia huku amebana pua kwa kibanio cha nguo, nasi tukaimba wimbo ule ule mpaka fundi akaujua.

Jumamosi iliyofuata mtaa ulishuka tena, safari hii kuisukuma Bora Afya majini. Fundi Mansur aliniita kando.

"Mjukuu wangu, kusahau ni kwa kila mtu. Ungesema kweli siku ya kwanza, tungebadilisha ubao tukaenda zetu. Mashua ilizamishwa na usahaulifu, lakini uongo ndio uliotaka kuikata vipande viwili. Ukikosea, sema mapema."

"Nimesikia, babu."

Mama alikuwa tayari ameketi na kafi lake, anacheka, madema ya kutegea kaa yamepangwa nyuma yake. Siku hizi haondoki kabla hajaniita, hata kama mtaa wote unasikia.

"Dorcas!"

"Abee, mama!"

"Nguruzi?"

"Iko mahali pake, mama. Nimegonga mara tatu!"

Naye huinama kwanza, akaishika kwa mkono wake, ndipo akapiga kafi.