Malaria Ambayo Sikuwa Nayo

Kila asubuhi ya likizo mimi hunywa uji kwa kikombe changu cha bluu, kisha hufunga mlango wa chumba changu na kuchambua misumari ya duka la Baba. Ya inchi mbili kopo hili, ya inchi tatu kopo lile, ya mabati kando. Hakuna anayenisemesha mpaka saa nne. Jina langu ni Orpah, nina miaka kumi na miwili, na nina usonji. Mama alinieleza kwamba akili yangu hupokea kila kitu kwa pamoja: sauti, harufu, mikono ya watu. Vikizidi, nashindwa hata kuongea.

Basi Agosti ikafika, na makambi ya kanisa letu hapa Migori. Hiyo ni wiki nzima ya mahubiri na nyimbo, na nyumba yetu iko karibu kabisa na uwanja. Tukapata wageni tisa kutoka Homa Bay na Karungu, wakiongozwa na Shangazi Eucabeth, dada yake Baba, ambaye hata akinong'ona jirani anasikia.

Msidhani sikujiandaa! Tulikuwa tumepatana mimi, Mama na Baba: nitasimama mlangoni, nitamsalimia kila mgeni kwa mkono mara moja tu, kisha niingie chumbani na mtu asinifuate. Jumapili asubuhi nikawasalimia wote tisa. Shangazi alinikumbatia akanizungusha huku na huku. Nilivumilia, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Mimi neno langu nilitimiza.

Mama alishinda na kulala uwanjani akipika na akina mama wenzake. Wakati wa chakula cha mchana nikamsikia Shangazi sebuleni. "Orpah yuko wapi? Ama siku hizi watoto wa mjini hawali na wageni?"

Baba akakohoa. "Ana malaria," akasema. "Amelala."

Malaria! Mimi, niliyekuwa nimeketi kitandani mzima kabisa, nikihesabu misumari! Na nani asiyejua watu wa kanisa letu wakisikia kuna mgonjwa? Hawamwachi peke yake, ng'o! Kabla sijafunika kopo, mlango ulifunguliwa bila hodi.

"Maskini, ana joto kweli!" Shangazi akasema, kiganja chake kwenye paji la uso wangu. Lazima ningekuwa na joto, nilikuwa nachemka kwa hasira! Akaninywesha maji ya mwarobaini, kikombe kizima. Wengine wanane wakazunguka kitanda, wakanishika kichwa na mabega, wakaimba wimbo wa kanisa beti zote nne. Mtu akapiga makopo yangu teke na misumari yote ikachanganyika. Nilitaka kupiga kelele lakini sauti haikutoka. Baba alisimama mlangoni akitazama viatu vyake.

Jumatatu asubuhi walirudi tena, na mwarobaini wao.

"Mtoto hata kuongea hawezi," Shangazi akatangaza walipomaliza kuomba. "Mchana huu tumpeleke mbele ya mkutano, Mchungaji Ombui na kambi nzima wamwombee."

Kambi nzima! Mamia ya watu, vipaza sauti, mikono! Walipotoka kunywa chai, nikashuka kitandani. Nikachana boksi la misumari, nikaandika kwa herufi kubwa. Nikachagua msumari wa inchi mbili, nikachukua nyundo, nikaligongomea bango langu mlangoni, upande wa nje. Ko! Ko! Ko!

Mama alikuwa amerudi kuchukua sufuria. Akasimama mbele ya mlango. "Baba Orpah," akaita, "njoo usome. Kwa sauti."

Baba akasoma polepole. "Sina malaria. Nina usonji. Baba anajua."

"Mayaka!" Shangazi akamfokea Baba. "Umeniacha nimnyweshe mtoto mzima mwarobaini siku mbili? Mimi si dadako? Ungeniambia tu, ningemwacha apumzike!"

"Niliona malaria haina aibu," Baba akajibu. Kisha akachuchumaa mpaka macho yake yakawa chini ya yangu. "Orpah, ulitimiza neno lako, mimi nikavunja langu. Nilidhani ukweli utaniaibisha mbele ya wageni. Kumbe uongo wangu ndio uliokutesa wewe. Hakuna aibu kuwa na usonji. Aibu ni mzazi kumficha mtoto wake nyuma ya uongo. Nisamehe."

Nikamwonyesha misumari iliyochanganyika sakafuni. Baba akaketi chini, akaanza kuichambua mmoja mmoja, na hakwenda dukani siku hiyo.

Alhamisi wakaja wageni wengine wanne kutoka Rusinga. Nilikuwa mlangoni, mkono tayari, nikasikia Baba akiwaambia kule langoni kabla hawajaingia, "Binti yangu Orpah ana usonji. Atawasalimia mara moja, kisha atapumzika, na mlango wake haufunguliwi." Alisema hivyo kwa sauti kubwa, hata majirani wakasikia.

Nimemsamehe. Lakini ule mwarobaini, hapana, sijausahau.