Kifo Chini ya Behewa 312

Mwili wa Laszlo Szabo ulikuwa umelala chali ndani ya shimo la ukaguzi, chini ya behewa la umeme namba 312, katika karakana. Kiganja chake cha kulia kilikuwa na alama nyeusi ya kuungua, ndogo kama kifungo cha shati. Juu ya uso wake sanduku la nyaya lilikuwa wazi.

Inspekta Teresa Kubiak wa polisi wa kaunti alishuka ngazi, akachuchumaa, akamtazama. Hapa mjini Tolliver hakuna asiyemjua Laszlo, au Les kama wote walivyomwita, seremala. Madawati ya kanisani ni kazi yake. Hata kabati la jikoni kwa mama yake Kubiak ni kazi yake.

"Nani kamkuta?"

"Mimi." Aliyejibu alikuwa Noreen Pruitt, mwenyekiti wa kikundi cha kujitolea kilicholifufua behewa lile. Mama wa miaka sitini na kitu, ovaroli imejaa gundi, macho yamevimba. "Nimeleta donati, kama kila Jumamosi. Nikamwita. Nikaona viatu."

"Uligusa nini?"

"Shingo yake. Ilishapoa."

"Na swichi kuu?"

"Sijaigusa. Nimeikuta hivyo hivyo, chini, imezimwa."

Kubiak akageukia ukutani. Swichi ile yenye mpini mrefu ndiyo iliyopeleka volti mia sita kwenye behewa. Mpini ulikuwa chini kweli. Pembeni, kwenye msumari, lilining'inia kufuli jekundu lililoandikwa SZABO.

"Hili kufuli kazi yake nini?"

"Ndiyo sheria yetu ya kwanza. Anayeingia shimoni anazima umeme, anaifunga swichi kwa kufuli lake, ufunguo anatia mfukoni. Hapo hakuna wa kuwasha mpaka atoke."

"Labda leo alisahau."

"Les asahau?" Noreen alitoa kicheko kikavu. "Alikuwa anafunga hata akienda kuokota skrubu. Tukimtania, Les, unaogopa kuiva kama kuku wa mkeo Ilona..." Akaziba mdomo kwa mkono. "Mungu wangu. Nimesema nini."

Ufunguo ulikutwa katika mfuko wa suruali ya marehemu.

Dakta Amstutz, mchunguzi wa maiti, alivua glavu zake polepole. "Ni umeme. Umeingia kiganjani, ukapita kifuani, moyo ukavurugika."

"Alikufa palepale?"

"Hapana. Kuna dakika chache hapo katikati. Zimamoto wako mtaa wa pili, Teresa, na wana mashine ya kushtua moyo. Sisemi angepona. Nasema angekuwa na nafasi."

Kubiak alisimama kati ya shimo na ukuta. Marehemu hawezi kuzima swichi iliyomuua. Kwa hiyo mtu alifungua kufuli, akawasha, akazima, akalitundika kufuli msumarini, akaondoka zake.

"Funguo za akiba anaziweka nani?"

Noreen aliitazama swichi. "Vern Hostetler. Mambo yote ya umeme na hewa ni yake. Mimi ni viti na mapazia tu."

Behewa lenyewe lilikuwa limesimama juu yao, jekundu, liking'aa kama tufaha. Zamani mabehewa kama hilo yalikuwa yakikimbia katikati ya mahindi kutoka mji mpaka mji, yakipiga honi kwenye kila njia panda, hadi watu walipojinunulia magari na reli ikang'olewa. Hilo 312 likaishia kuwa banda la kuku. Kikundi hiki kiliokota mifupa yake kutoka kwenye magugu, na Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kulitembeza tena mbele ya mji mzima.

Kubiak alipanda kwenye chumba cha dereva. Mkono wa kuendeshea ulikuwa mahali pake. Geji ya hewa ya breki ilikuwa imepanda, sindano imesimama juu kabisa. Akaipiga picha. Kisha akarudi shimoni na tochi.

Kila kiungo cha waya chini ya behewa kilikuwa na tiki ndogo ya chaki ya bluu. Aliufuata msururu ule kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Vyote vilikuwa na tiki isipokuwa kimoja tu, ndani ya lile sanduku lililokuwa wazi.

"Seremala alitaka nini kwenye nyaya?"

Noreen akaketi kwenye ngazi ya behewa.

"Ni kosa langu. Alhamisi tulimwambia Vern hataendesha. Tumepata dereva mwenye cheti kutoka mji wa jirani. Mikono ya Vern inatetemeka siku hizi. Juzijuzi alisahau kukaza kiungo kimoja, kikatoa cheche. Mimi nikaogopa, kutakuwa na watoto ndani."

"Akapokeaje?"

"Alivaa kofia akatoka. Les ndiye aliyebaki akagombana na mimi. Akaniambia, 'Noreen, baba yake Vern alikuwa dereva wa behewa hilihili. Mtu amelisubiri tangu utotoni. Nikikagua kazi yake yote, kiungo kwa kiungo, nikaikuta safi, utamwachia aendeshe?' Nikamwambia sawa."

"Les alijua kukagua?"

"Alifundishwa na Vern mwenyewe. Walikuwa wamoja hao, Inspekta, kama ndugu wa tumbo moja. Akaniomba nisimwambie. Hakutaka Vern ajue anakaguliwa. Angeumia."

* * *

Vernon Hostetler alifungua mlango kabla hajagongewa. Mzee mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Jikoni kwake kulikuwa safi kupita kiasi, ungedhani hakuna anayekula humo.

"Kahawa, Inspekta?"

"Asante, mzee wangu."

Alimimina. Nusu ikaingia kikombeni, nusu ikaishia mezani. Akaipangusa bila kumtazama mgeni.

"Umeshapata habari za Les?"

"Nimesikia."

"Kutoka kwa nani?"

"Mji mdogo huu."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Niende wapi? Wameshaniambia sina kazi tena kule."

"Funguo za akiba za makufuli?"

"Ziko kabatini karakana. Kila mtu anapajua."

Hakuyumba. Kubiak akatoa simu yake, akamwonyesha ile picha ya geji.

"Hebu nisaidie hapa, mimi sijui mitambo. Hii inasema nini?"

Mzee akavaa miwani. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa fundi aliyeulizwa jambo la kazi yake.

"Hiyo ni hewa ya breki. Tangi limejaa."

"Inaweza kuwa ya jana?"

"Ya jana wapi! Tangi lile linavuja. Ukilijaza jioni, asubuhi unakuta sindano imelala. Hii imejazwa leo. Ukiwasha umeme pampu inaanza yenyewe, lakini unaiacha ingurume kidogo mpaka ifike hapo."

"Na mtu anayetaka kumuua mwenzake, anahitaji kujaza hewa?"

"Ya nini? Hewa anajaza mtu anayetaka kuend..."

Akairudisha simu.

"Anayetaka kuendesha," Kubiak alimalizia. "Kikundi chenu kina watu wangapi wanaojua kuendesha, mzee?"

Vernon akavua miwani, akaiweka mezani.

"Una haki ya kunyamaza," Kubiak alisema. "Na una haki ya kuwa na wakili."

"Nimenyamaza tangu asubuhi. Nimechoka."

Kubiak akatoa daftari lake.

"Nilitaka hatua chache tu," Vernon alisema. "Mpaka mlangoni na kurudi. Peke yangu, kabla hawajaja. Baba alikuwa akinipakata, mkono wangu chini ya wake. Wiki ijayo ningesimama pembeni kama mtazamaji, nikipungia mgeni kofia. Nikasema, basi, leo niliage."

"Kufuli lilikuwepo kwenye swichi."

"Lilikuwepo."

"Likisema Les yuko chini."

"Nilidhani amelisahau jana."

"Les?"

Mzee akainamisha kichwa. "Hata mimi nilijua Les hasahau. Lakini nilikuwa na hasira, na nilitaka sana. Nikajiambia, seremala anatafuta nini chini ya behewa asubuhi yote hii? Sikuinama kutazama. Kuinama tu, Inspekta. Sikuinama. Nikafungua kwa ufunguo wa akiba, nikawasha, pampu ikanguruma, nikapanda juu kama mfalme. Niliposhuka kutoa kabari za magurudumu ndipo nikaona viatu."

"Ukazima."

"Nikazima. Nikamwita. Alikuwa ametulia tu. Nikaogopa. Nilikumbuka jinsi Noreen alivyoitazama mikono yangu Alhamisi. Nikarudisha kufuli msumarini, watu waone amesahau mwenyewe." Aliipangusa meza tena. "Nilimfanya Les aonekane mzembe."

"Hukupiga simu zimamoto."

"Sikupiga."

Kubiak hakumweleza aliyoyasema Dakta Amstutz. Hayo angeyasikia mahakamani.

"Alikuwa anafanya nini mle?" Vernon aliuliza. "Niambie. Noreen alimtuma atafute makosa yangu, siyo?"

Inspekta angeweza kukwepa. Aliwaza kwamba jibu lile lingemkaa mzee huyu maisha yake yote yaliyobaki. Kisha akawaza kwamba Les hakustahili kudhaniwa hivyo.

"Alikuwa anakutafutia ruhusa ya kuendesha. Aliomba akague kazi yako, na ikiwa safi, uendeshe wewe. Alikuwa amebakiza kiungo kimoja. Vingine vyote alivipa tiki."

Vernon hakulia. Alisogeza kikombe, akakirudisha kilipokuwa, akakisogeza tena.

"Inspekta," alisema mwishowe, "nipitishe kwa Ilona. Nisimame nimwambie mwenyewe. Halafu unifunge."

Kanuni hazikuruhusu. Kubiak akawasha gari, akapinda kushoto badala ya kulia.

Ilona Szabo alifungua akiwa na aproni kiunoni. Nyuma yake meza ilikuwa imejaa vyombo vya chakula walivyoleta majirani, vyote bado vimefunikwa. Alipomwona Vernon alimkumbatia kabla hajasema neno.

"Ulikuwa wapi wewe? Walipoondoka polisi nilikupigia wewe kwanza. Kabla hata ya dada yangu. Simu ikaita, ikaita."

"Niliisikia, Ilona."

Akavua kofia, akamwambia. Hakujitetea, wala hakutaja mikono wala baba yake. Kubiak alisimama kwenye kizingiti akitazama sakafu.

Ilona alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikaa naye?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Ulimshika mkono?"

"Hapana, Ilona. Nilikimbia."

Mama yule akarudi nyuma hatua moja, akajishika kwenye kiti. Alimtazama Vernon kwa muda mrefu: kola iliyopinda, kofia inayotetemeka vidoleni, macho makavu yaliyozama. Midomo yake ikaanza kucheza. Akamgeukia Kubiak haraka.

"Mpeleke," alisema. "Mpeleke sasa hivi, kabla sijamwonea huruma."